Kigari Kilipopiga Chafya

Alhamisi. Doha imeamka na vumbi la rangi ya chai ya maziwa, maghorofa ya mjini hayaonekani kabisa, na mimi nina furaha ambayo kifua hakitoshi kuibeba.

Shajara, kaa vizuri. Leo nina habari.

Wewe unanijua. Mimi ni Kiprop, dereva wa kigari cha umeme pale chuoni, yule anayewabeba maprofesa kutoka jengo moja hadi lingine wasiyeyuke njiani. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kila asubuhi naingia chuo kikuu kabla ya wanafunzi wenyewe. Msomi gani mwingine wa Kapsabet anaweza kusema hivyo?

Sasa mwaka huu chuo kimeamua majengo yasiitwe tena B4 na C2 kama vyumba vya lojingi. Maktaba imepewa jina la mwalimu wa zamani aliyefundisha wasichana kusoma sebuleni kwake. Maabara ya bahari ina jina la mzamia lulu. Geti la nyuma limeitwa kwa mti wa jangwani uliokuwa umesimama hapo kabla ya lami kuzaliwa. Vitu vya wenyeji wenyewe, vya kabla ya vioo na lifti. Nimependa, sidanganyi. Halafu wakasema hata vigari vyetu vitapewa majina, na kila dereva alete jina la mtu anayestahili heshima.

Mtu anayestahili heshima. Nikajiangalia kwenye kioo cha pembeni.

Ndiyo, niliwaambia wenzangu wa chumba, huku mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud, kwamba kigari nambari tatu kitaitwa Kiprop. Nilitembea na hilo neno wiki nzima, hata yule jamaa wa duka la chapati alinipongeza. Bosi Wafula, msimamizi wetu, mtu wa Bungoma asiyejua mzaha, akanieleza kwamba majina ya walio hai hayaruhusiwi, na kama nalitaka sana hilo jambo basi nife kwanza, yeye atashughulikia mengine.

Nikanyamaza. Na nikinyamaza huwa nafikiri, kitu ambacho sikipendi.

Nikamfikiria Kogo. Kogo kwetu ni nyanya. Kogo Tapkigen ndiye aliyenilea, na mdomo huu nilionao niliurithi kwake. Alifariki mimi nikiwa hapa. Ruhusa haikutoka, sikwenda kumzika. Siku waliyomlaza niliendesha kigari kama kawaida, na abiria nikawachekesha vilevile.

Kwetu mtu akienda hivyo, tunamngoja kwa mtoto. Mtoto akizaliwa, kina shangazi humpakata wakaita majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya lingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Khalas, yamekwisha. Hakuna rufaa. Mwezi uliopita dada yangu Chebet alipata msichana, nami nikafuatilia yote kwa simu ya video. Wakaita, Kogo Tapkigen. Mtoto kimya. Wakaita tena, mtoto akapiga miayo. Wakaita mama mmoja wa ukoo ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, chafya ikatoka ya mtu mzima.

Walishangilia wote. Mimi nilikata simu.

Kogo alibaki nje.

Kwa hiyo jina nililopeleka kwa ajili ya nambari tatu lilikuwa lake, na nilikuwa silegezi kamba. Leo tukajipanga uani, vigari vimeoshwa vikaanza kupata vumbi upya, na ndipo shida ikajitokeza. Daktari Nura, mama wa Kiqatari anayesimamia kazi ya majina, naye alikuwa na jina la nambari tatu. Hissa, mama wa nyanya yake. Alitusimulia kwamba wanaume walipokuwa baharini msimu wa lulu, Hissa ndiye aliyebeba maji kutoka kisimani akayapeleka kwa kila nyumba yenye mgonjwa au mzee. Akasema kinachobeba watu kinafaa kubeba jina lake.

Hoja nzuri. Ilinikera kwa uzuri wake.

Wakataka kupiga kura. Hapo nikafungua mdomo. Nikawaambia, kwa Kiingereza changu cha korido, kwamba kwetu jina halipigiwi kura, linaitwa, na mwenye kupewa ndiye anayejibu. Nikaeleza habari ya chafya yote. Bosi Wafula alinitazama kwa macho ya kunipandisha ndege ya jioni. Lakini Daktari Nura alicheka, akaniomba nirudie polepole.

"Basi tukiite," akasema. "Kigari kichague."

Unafikiri hilo wazo lilinijia palepale? Jana nilisikia fununu kwamba nambari tatu ina jina jingine, nikapanga yote na Kizito, Mganda wangu, dereva wa nambari nne. Yeye akae ndani ya kigari changu akijifanya anapangusa kioo, na akiniona nimeshika pua, apige honi. Na huo si wizi. Hata nyumbani kina shangazi humnusisha mtoto ugoro kidogo. Hiyo tunaita kusaidia.

Daktari Nura akatangulia. Alisimama mbele ya nambari tatu, akaweka kiganja kwenye kioo kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso, akaita, "Hissa."

Upepo ukaja. Vumbi likanijaa puani. Nikaona chafya inakuja, nikaibana kwa vidole.

Kizito akapiga honi.

Honi ndefu, ya harusi.

Makofi hayo! Daktari Nura alijifunika mdomo kwa ukingo wa shela yake, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nikajua kwake huo haukuwa mchezo. Ningeweza kusema ngojeni, honi imekosea. Lakini nani aliyewaambia kwamba hakuna rufaa? Mimi, na mdomo wangu. Nikapiga makofi pamoja nao huku moyo umelala chini kama tairi lenye pancha.

Watu walipoanza kutawanyika akanifuata, akaniuliza mimi nilitaka kumwita nani. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya mtoto wa Chebet, na ya maziko ambayo sikuhudhuria. Sikuweka mzaha hata mmoja, mpaka nikajishangaa.

Hakunipa pole. Aligeuka akatazama banda letu, lile la kuchajia vigari, lenye benchi ambapo abiria hutusubiri.

"Pale panaitwaje?"

Nikamjibu hapana jina, sisi tunasema tu bandani.

"Mwite," akasema.

Nikaenda kusimama mbele ya banda. Banda halina honi. Kizito alikuwa mbali, ameinua mikono yote miwili ionekane wazi kwamba hagusi kitu. Nikaita, Kogo Tapkigen. Kimya. Nikaona miayo ya yule mtoto tena. Nikavuta pumzi ili niite mara ya pili, nikaita kwa sauti ile niliyokuwa nikimwitia kutoka barabarani nikitoka shuleni.

Na ile chafya niliyoibana tangu mwanzo ikatoka yote, mpaka kofia ikaanguka.

Hakuna aliyecheka. Bosi Wafula, yuleyule, aliinama akaokota kofia yangu, akaipangusa vumbi, akanivalisha.

"Limekubali, kijana," akasema. "Hakuna rufaa."

"Munnange," Kizito akapaza sauti kutoka kule, "rafiki yangu, hiyo si mimi!"

Hapo ndipo tulipocheka.

Nimempigia mama mchana. Alicheka kwanza. Halafu akauliza kama hilo banda lina kivuli. Nikamwambia hapa hakuna kivuli kinacholishinda. Akasema basi ni vizuri, maana Kogo alikuwa hapendi jua.

Kibao kinachongwa. Kuanzia wiki ijayo nitamwendesha Hissa wa watu siku nzima, na akichoka nampeleka kwa Kogo akapate chaji na umbea. Wataelewana, wote wawili walikuwa watu wa kubeba wengine.

Na kesho ni Ijumaa. Kesho kule Mesaimeer, kanisani, maana huku hata sisi tunasali Ijumaa, ibada ikiisha tu, nawatangazia Wakenya wote kwamba ukoo wetu una jengo chuo kikuu. Halina ukuta hata mmoja, lakini hilo watakuja kujionea wenyewe wakifika, na nitawapa benchi wakae.