Nani Alikwambia Makame Hafi?

Mwanakombo,

Umenifanyia ubaya, na kufa kwako hakukuondolei lawama. Nani alikutuma kuwadanganya watoto wa watu miaka yote ile? Wewe umelala zako, mimi ndiye ninayetupiwa kandambili. Ndiyo, kandambili! Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, kwenye sebule yangu mwenyewe hapa Makorora, mbele ya majirani. Ilipita kando ya sikio langu ikapiga kioo cha televisheni, na aliyeitupa ni mtoto niliyemkanda tumbo akiwa mchanga.

Sikusalimii. Mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, na wewe ulikuwa mke mdogo hata kama umetangulia.

Sababu ya yote ni yule paka wako wa kwenye kaseti.

Mwanangu Athumani alikwenda Mombasa kufuata vitenge, akarudi na kaseti mpya ya Makame. Hujui furaha iliyoingia mtaani. Tangu zile kaseti za kwanza za katuni alizopitisha mpakani Horohoro, mambo yalipoanza kulegezwa na watu wakaambiwa ruksa, hapakuja nyingine. Za zamani zimechezwa hata Makame anaonekana kama anatembea mvuani. Sasa kwenye jalada yupo tena, jicho lake moja, joho lake jekundu, ila manyoya yameingia mvi, na pembeni kamesimama kapaka kadogo ka kike. Watoto wakazunguka mtaa mzima, "Makame karudi! Makame karudi!" Wakaja hata wale waliokuwa wakimtazama na kamasi puani, leo wana ndevu. Bakari fundi baiskeli aliacha gurudumu la mtu limening'inia. Bi Riziki aliipua mihogo haijaiva.

Wakauliza, nani atasema? Maana kaseti inazungumza lugha ya wenyewe, na hapa hakuna aijuaye. Wewe pia hukuijua, usinifiche. Ulikuwa ukikaa kando ya televisheni unasema unalotaka, na watu wanaliamini. Hata jina la Makame ulilitoa kwenu Pemba. Aliyemchora paka yule hajui kama paka wake anaitwa Makame.

Nikasema nitasema mimi. Kwani wewe ulikuwa na midomo mingapi?

Nikaichukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaukunja ulimi wake, nikaketi pale pale ulipokuwa ukiketi. Na hiyo mbuzi, Mwanakombo, nina neno nayo. Kila Jumamosi ulikuwa ukiitoa jikoni kwangu kwenda kuikalia, mimi nabaki na nazi mkononi, nimesimama kama mgeni, naisikia sauti yako na watoto wanavyocheka. Sikuja kutazama hata siku moja. Nilikuwa nikisema nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na wivu. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena.

Basi nikaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Yule Kunguru mkubwa akaja akatia moto mji wa wanyama wadogo, watoto wakamzomea, Makame akapanda mnara kumtoa kapaka. Akamrusha chini kwenye shuka, akapona. Yeye mnara ukamwangukia. Akalala. Jicho likafumba. Kapaka kakaja kakamgusa uso, hakuamka.

Sasa niambie, mimi nimeona nini hapo? Nimeona paka amekufa. Nimeosha maiti wa kike mtaa huu hata hesabu sina, na wewe mwenyewe nimekuosha kwa mikono hii. Mauti siyajui? Nikasema wazi kama ninavyosema siku zote: "Amekufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tulieni, yupo huyu mdogo, ataendelea."

Halafu kandambili.

Lo, Mwanakombo! Ungeona. "Bibi muongo!" "Rudisha nyuma!" Athumani akarudisha nyuma mara sita. Bakari na ndevu zake akapiga magoti mbele ya kioo, pua imegusa. "Mkia umetikisika! Bi Mkubwa, tazama mkia!" Nikamwambia, "Ni upepo." Akasema, "Upepo utoke wapi ndani ya kaseti?" Bi Riziki akasimama, akajifunga kanga kiunoni: "Sisi tumekuja kumwona Makame, hatukuja matangani. Mngetuambia, tungekuja na mikeka." Kapaka kakaonekana kamevaa lile joho jekundu, kanaliburura, wakakazomea. "Hata masharubu hana!" Mwengine akasema kaseti ni ya bandia, imetengenezwa uchochoroni na watu wanaompenda Kunguru. Wakatoka wote, kaseti haijafika nusu.

Ukadhani yameishia hapo? Watoto wameandika barua, "Kwa Wenye Makame, Huko Mliko," wamempa Athumani aipeleke Mombasa. Wanataka afufuliwe, ama waambiwe alikojificha. Wamewapiga mawe kunguru wa mtaa mzima, jiwe moja likaingia kwenye karai la Bi Riziki. Juzi nimewakuta nyuma ya choo wamekaa duara wanamsomea paka khitma, wamegawana na kashata. Nimewatimua. Kisha nikakaa kwenye kizingiti nikawaza: arubaini yako watu walikula wali wakanawa wakaenda zao, na huyu paka wa kuchorwa leo ni siku ya tano analiliwa. Nilipatwa na wivu hata kwa ajili yako. Sijui wivu huo unaitwaje.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Linalonikaa rohoni ni Zuhura.

Mjukuu wako hakulia ulipokufa. Macho makavu siku zote za matanga, macho makavu arubaini. Nikasema mtoto huyu kaumbwa kama mimi, hana machozi ya ovyo, tutaelewana. Nikamlaza kitandani kwangu. Nikampikia vitumbua. Nikamsuka, ingawa anasema mkono wangu mzito. Sasa Jumamosi ile, watu walipokuwa wakitoka, akabaki peke yake mkekani, akanitazama.

"Bibi Mdogo hangemwua," akanambia.

Na hapo akalia. Alilia hata akashikwa na kwikwi, hata akatapika. Nikanyoosha mkono, akausukuma. Tangu siku hiyo hali kwangu, anakula kwa Bi Riziki. Na amemwagizia baba yake huko Moa aje amchukue. Anataka kwenda kukaa na mke mpya wa baba yake, mwanamke hajamwona hata sura, kuliko kukaa na mimi. Baba ameleta jibu, atakuja Jumapili ijayo.

Umekufa na bado unanishinda. Ulinishinda kwenye kisomo cha watu wazima, mimi nang'ang'ana na "ba" wewe umeshafika kwenye barua. Ulinishinda kwa marehemu bwana wetu, sitaki kusema zaidi. Na sasa mtoto.

Jumapili hii iliyopita, nyumba ikiwa tupu, nikamwambia Athumani aniwekee kaseti ya kwanza kabisa, na asiseme neno. Nikakaa nikatazama kwa macho yangu ile ambayo miaka yote niliisikia kupitia ukutani. Nikamwona mama yake Makame. Amelala, macho yamefungwa, na Makame mdogo anamfunika majani, jani moja moja. Amekufa, Mwanakombo! Amekufa mbele za watu! Na mimi nikiwa jikoni nilikusikia kwa masikio haya: "Kenda Pemba, wanangu. Kenda kuchuma karafuu. Msimu ukisha atarejea." Na wote wakaitikia, "Haya!"

Nikapandwa na hasira. Kumbe ndiyo maana! Umewafundisha kwamba watu hawafi, wanakwenda Pemba, halafu ukafa mwenyewe, ukaniachia mimi kazi ya kuzika.

Wewe uongo ulikuwa kipaji chako. Nimekumbuka ule mwaka wa dhiki, tunakula unga wa njano, tunafua kwa majani ya mpapai, nguo zinatoka na rangi ya ugonjwa. Ukaaga unakwenda kumwona shangazi mpakani. Umerudi una tumbo la miezi minane. Mgambo kakuonea huruma, kakupa kiti ukae, kakuchotea na maji. Majirani wakaja wanakupongeza, bwana mwenyewe kashika kichwa. Lakini kabla hujavuka kizingiti ulinivuta kando, ukaniwekea mdomo sikioni: "Bi Mkubwa, usishituke. Ni sabuni." Miche minane. Nilijibana nisicheke hata nikaumwa mbavu. Tuligawana minne kwa minne, nikafua, na ahsante sikukupa. Nilichukia kwamba hukuogopa.

Basi na hasira zangu nikamfuata Zuhura kwa Bi Riziki. Nikamwambia mbele ya karai, "Bibi yako aliwadanganya. Mama yake Makame alikufa. Nimeona mwenyewe."

Hakushituka. Akasema, "Najua."

"Unajua vipi?"

"Aliniambia sikioni. Aliniambia mwanzo, kabla hawajaja wengine. Akasema nisiwaambie, wao bado wadogo."

Bi Riziki akajifanya anapuliza moto.

Kisha mtoto akasema, anatazama chini, kidole kinachora vumbini: "Wewe unasema mbele ya watu wote."

Mwanakombo, nikaiona siku ile. Amerudi chuoni, ubao wake kwapani, uani wamejaa wanawake, na mimi niko na beseni la maji ya kukuoshea mkononi. Nikamwambia pale pale, kwa sauti, juu ya vichwa vya watu: "Zuhura, bibi yako amekufa, kaoge." Niliona ndiyo ukweli. Ulikuwa ukweli. Lakini kila mtu uani aligeuka kumtazama analiaje, na yeye akakifungia kilio chake mahali, kikaja kufunguliwa na paka.

Kwa hiyo si uongo wako uliokupendezesha kwao. Ni sikio. Hata mimi uliniambia sikioni, nikasahau.

Sasa nisikilize, maana sitaandika tena, mkono umekufa ganzi na daftari ni la mtoto.

Ahsante kwa sabuni.

Ile mbuzi nimeisugua. Jumamosi, siku moja kabla baba yake hajafika, kaseti itawekwa tena na wote wamealikwa, Bakari na ndevu zake, Bi Riziki na kanga yake. Atakayeketi kando ya televisheni ni Zuhura. Akisema Makame amekufa, amekufa. Akisema kenda Pemba, kenda Pemba, na mimi nitaitikia "Haya!" kuliko wote. Sharti langu nimempa leo asubuhi. Niliinama, magoti yakalia, nikamwekea mdomo sikioni: lolote utakalosema, niambie mimi kwanza. Alikwenda zake. Lakini mchana alikula kwangu. Kama Jumapili atapanda gari la Moa au hatapanda, sijui, na safari hii sitauliza mbele ya watu. Nakuahidi hilo.

Pumzika, mke mwenzangu. Mungu akupe nuru huko. Na nasikia unamjia ndotoni, anaamka anatabasamu hasemi kwa nini. Ukome kunipita kama sipo. Mimi ni mkubwa na chumba ni changu. Ukitaka kumjia mtoto, pitia kwangu kwanza, uniamshe, uniambie sikioni.