Pakanga Yako, Wifi Skola

Wifi yangu Skola,

Shikamoo sikupi. Mimi ndiye mkubwa, na kufa hakujakuongezea miaka.

Nakuandikia kwa ajili ya pakanga yako. Mwanao Deo anajenga vyumba vya wapangaji pale kwako Ruhuwiko, akasema kile kichaka kiko njiani, kifyekwe. Nikamwambia, mjinga wewe, hicho ndicho mama yako alichokuwa akikuchemshia tumbo likikusumbua. Nikaking'oa na mizizi yake, nikaja nacho huku kwangu Mpitimbi, kwenye gari watu wanakunja pua.

Nilikipanda kwenye maharage, karibu na bomba. Asubuhi maji, jioni maji. Nilikuwa nakulilia wewe, ndoo iko mkononi. Maharage yaliyo jirani nayo yakadumaa, na pakanga yenyewe ikaoza chini, likabaki tawi moja tu lenye uhai. Hukuniambia kwamba haitaki maji mengi wala haitaki jirani. Mdomo wa kunisema chumvi ya mboga ulikuwa nao!

Uliniambia kitu kimoja tu: "Panda kwa kisigino, wifi." Basi miaka yote hiyo kila kijiti ulichonipa nilikichomeka, halafu nikakishindilia kwa kisigino cha mguu, kwa nguvu zangu zote. Vikafa vyote. Ukanicheka, ukasema mkono wangu mbaya. Kumbe!

Mwezi uliopita nilivuta kijitawi kwenye lile tawi lililobaki, kikachomoka na kipande cha ganda la tawi mama. Nikakitazama. Kisigino ulichokuwa ukisema kile pale, kidogo kama cha mtoto mchanga. Nilikaa chini kwenye udongo, nikakutukana, nikalia. Kisha nikavuta vingine vinne, nikatoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye kopo la mchanga, kivulini.

Vitatu vimekauka. Viwili vina majani mapya, nimevigusa, vimeshika. Tawi mama nalo limekufa. Kwa hiyo hivyo viwili ndivyo vilivyobaki vya mkono wako, ukiacha Deo, na Deo unamjua.

Haya wifi, pumzika, umechoka. Nitavipanda kule kwenye changarawe, juani, peke yavyo. Na nakuahidi, hata nikivikuta vimenywea mchana, sitavimwagilia hovyo. Mkono utaniwasha. Nitaushikisha jembe.

Ni mimi wifi yako,
Mama Osmunda