Mama Aliwasha Moto kwa Jirani

Ushirombo, 9 Juni 1997

Kaka Clemens,

Shikamoo. Karanga tumevuna, mvua haikutunyima.

Juzi mama aliingia kwa jirani akawasha moto jikoni, akidhani ni kwake. Wakamwita mchawi, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na mishale. Nikawasomea barua yako kutoka huko unakosomea udaktari: protini zinajazana kwenye ubongo wake, kasoro ya jeni aliyorithi kwa bibi, nasi watoto huenda tunayo.

"Hata wewe?" kiongozi wao akauliza.

"Huenda hata mimi. Basi anzeni na mimi."

Wakaondoka bila kuaga.

Hiyo damu unayotaka nipime, sitoi. Yako mwenyewe hujasema umeipima. Siku nikiingia nyumba ya watu, nishike mkono unirudishe kwetu. Ukiingia wewe, nitakufuata.

Mdogo wako,
Evelina