Hela ya Mboga

Kudra usinipigie, nitalia. Soma tu.

Natoka kazini sasa hivi. Unamkumbuka Benjamini, yule niliyemfundisha mimi mwenyewe kuosha mchanga wa dhahabu? Kumbe analipwa mara mbili yangu! Kazi ileile, mwalo uleule wa kuoshea, tunainama pamoja kutwa nzima.

Nikamwendea bosi. Shikamoo nimempa, sauti nimeishusha, nikamuuliza kwa nini.

Akacheka. Eti, "Mama Limi, wewe nakupa ya mboga tu. Iliyobaki nampa mumeo."

NAMPA MUMEO.

Kudra, mume wangu pale analinda geti! Hajawahi kuosha hata karai moja. Kumbe kila wiki anachukua yake na nusu ya yangu, anakuja nyumbani ananiongezea hela ya mboga mezani, na mimi nasema asante. Nasema ASANTE!

Nikamfuata getini. Baba Limi, kumbe jasho langu unakula wewe? Hata hakushtuka. "Si inaingia nyumba hiyohiyo?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikarudi kwa bosi, nikamwambia kuanzia leo nipe yangu yote mkononi. Unajua kanijibu nini? "Mwambie mumeo aje aniruhusu."

Aje aniruhusu!! Nani, Baba Limi?

Sikuwa na pa kwenda shoga yangu. Nikarudi mwaloni, nikainama. Benjamini akaja na karai lake, "Dada, hebu niangalizie, dhahabu inanikimbia."

Nikamwangalizia.