Boriti za Marehemu Baba

Mjini Ibra, Jumanne, 1979

Mdogo wangu Salum kashikilia tena tuibomoe nyumba ya marehemu baba, tujenge ya saruji. Nilikuwa karibu kukubali.

Leo binti yangu Zuwena, aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, kapanda ngazi akazigonga boriti za dari moja moja.

"Ami Salum, nyumba niliyopanga kule ni ya zamani, ya nguzo za miti, kuta za fito na udongo. Nguzo ikioza, hukata palipooza wakaunga mti mpya."

"Waingereza, udongo?" Salum akacheka. "Kama kwetu Unguja, mtaa wa Ng'ambo!"

Zilizooza ni boriti mbili tu, kwenye ncha. Baba alizitoa Unguja, akazivusha bahari kwa jahazi hadi huku.

Dari ya jikoni bado yanitia khofu. Lakini kesho seremala anakuja, na aliyemwita ni Salum.