Kisima Kilichovuka Mpaka

Tunduma, Alhamisi, 2014

Bado kipo Zambia. Leo nimefungua tovuti ya ramani ya serikali mara nne, na kisima kibovu cha mtaa wa Mama Nambela kinaonekana ng'ambo ya mpaka.

Kosa ni langu. Nilipopima visima vya mji ili viwekwe kwenye ramani, niliiacha GPS kwenye vipimo vya ramani za zamani. Visima vyote vimesogea kwenye ramani, ila hiki kilikuwa jirani na mpaka, kikavuka. Kukifuta siwezi. Nimewaandikia wenye tovuti, kimya.

Kesho watu wa maji wanapanga matengenezo kwa ramani hiyo hiyo. Cha Zambia watakitengeneza kwa lipi?

Siku ile napima, Mama Nambela aliniuliza, "Mwanangu, watakuja kweli kukitengeneza?"

Nikamjibu, "Mama, usihofu. Sasa hata Dar watakiona."