Aliyepewa Jina la Mama

Kathonzweni

Mdogo wangu Kathini,

Bwana asifiwe. Ndengu tumevuna, na mama anamaliza uji tangu atibiwe saratani ya titi.

Ulisema ugonjwa utamfuata msichana wangu Kasiva, kwa vile ndiye aliyepewa jina la mama. Basi nikampeleka apimwe, nikamweleza nesi maneno yako. Nesi akacheka: "Mama Kasiva, ugonjwa haujui majina! Wewe na dada yako, mliozaliwa na huyo mama mgonjwa, mmepimwa?" Nikapanda kitanda cha kupimia nikiomba.

Kasiva ni mzima. Mimi nimepatikana na kauvimbe kadogo. Daktari anasema tumekawahi, kanatibika.

Usilie. Naanza matibabu Jumatatu, Kitui. Najua utatoka Tseikuru kuja kuniona. Usije kuniona tu, Kathini. Njoo upimwe.

Dada yako anayekuombea,
Kavata